Mgeni na Mwenyeji: Niliyojifunza kwa Kuendesha Mashine Pepe

Ilikuwa karibu usiku wa manane, na mashine pepe yangu, yaani kompyuta inayoendeshwa kama programu ndani ya kompyuta nyingine, ilikuwa katikati ya kuingiza data kwenye hifadhidata, dirisha lake lilipoganda na ukatokea ujumbe mfupi kwamba mashine imesitishwa kwa sababu diski imejaa. Sikuamini. Dakika chache kabla ya hapo nilikuwa nimeuliza mfumo wa ndani umebakiwa na nafasi kiasi gani, nao ukanijibu kwamba gigabaiti 140 ziko wazi kati ya 200 nilizoupa. Ni nilipofungua folda za kompyuta yenyewe ndipo nilipoelewa. Laptopu yangu ilikuwa na diski ya gigabaiti 256, imesheheni picha, video na mafaili ya miaka mingi, na zilikuwa zimebaki megabaiti kumi na kitu tu. Mgeni alikuwa akijihesabia ekari za shamba, kumbe mwenyeji wake hana pa kuweka mguu.

Maneno hayo mawili ndiyo yanayotumika katika kazi hii. Mwenyeji ni kompyuta halisi pamoja na mfumo endeshi wake. Mgeni ni mfumo unaoendeshwa ndani ya dirisha, ukiamini kwamba una diski yake, kumbukumbu yake na kadi yake ya mtandao. Programu kama VirtualBox, VMware Workstation, Parallels Desktop au Hyper-V kazi yake ni kuilinda imani hiyo ya mgeni isivunjike. Tatizo ni kwamba mtumiaji naye huishia kuiamini, na karibu kila balaa lililonipata limetokana na kusahau kwamba chini ya mashine zote hizo kuna kompyuta moja tu.

Nianze na diski, kwa kuwa ndiyo iliyonigharimu zaidi. Unapounda diski pepe, programu hukuuliza kama unataka faili linalokua kadiri linavyotumika au faili linalochukua ukubwa wake wote tangu siku ya kwanza. Wengi huchagua linalokua, nami pia ndilo ninalolichagua mpaka leo, lakini lina tabia ambayo hakuna aliyenieleza: hukua lenyewe, ila halisinyai lenyewe. Ukinakili video za gigabaiti 30 ndani ya mgeni kisha ukazifuta, mgeni ataona nafasi imerudi, ilhali faili la diski upande wa mwenyeji litabaki na unene uleule. Sababu ni kwamba kufuta faili kwa kawaida ni kufuta jina lake kwenye orodha. Data yenyewe hubaki palepale, na kwa kawaida mwenyeji hajui kwamba haina kazi tena. Ili kurudisha nafasi hiyo hatua huwa ni mbili: kwanza ndani ya mgeni unazijaza sehemu tupu kwa sifuri, kwa zana kama zerofree kwenye Linux au SDelete kwenye Windows, kisha unaizima mashine na kuiamuru programu iibane diski. Kwenye VirtualBox hilo hufanywa kwa amri ya VBoxManage modifymedium ikifuatiwa na jina la faili la diski na neno --compact. Usingoje mpaka diski ya mwenyeji ijae ndipo ufanye kazi hii, kwa sababu baadhi ya programu huhitaji nafasi ya ziada ili zibane, na nyingine hukataa kabisa kuibana diski yenye snapshoti.

Snapshoti zenyewe zinahitaji maelezo marefu kidogo, kwa kuwa ndizo sababu ya watu kuzipenda mashine pepe na ndizo hizohizo zinazowaliza. Unabonyeza kitufe, hali ya mashine inahifadhiwa, unajaribu jambo la hatari, likiharibika unarudi ulikotoka. Nilipogundua raha hiyo nilizipiga kama mtu anayepiga picha harusini. Nilikuwa na mashine moja ya majaribio yenye snapshoti 11, baadhi zikiwa na majina kama «kabla» na «kabla tena» ambayo baada ya wiki mbili hayakunieleza chochote.

Kinachofanyika chini kwa chini ni hiki. Unapopiga snapshoti, faili la diski lililokuwepo hufungwa lisiandikwe tena, na faili jipya hufunguliwa kupokea mabadiliko tu. Snapshoti inayofuata hufungua faili lingine juu ya hilo, na kuendelea, hadi unakuwa na mnyororo ambao kila faili linalitegemea lililo chini yake. Siku moja, nikitafuta nafasi, niliingia kwenye folda ya mashine ile nikaona faili nene lenye tarehe ya miezi mingi iliyopita, halijaguswa tangu hapo. Nikajiambia kwamba hili ni la zamani, nikalifuta na kumwaga kapu la taka. Lilikuwa ndilo diski ya msingi. Mafaili yote mapya niliyobaki nayo yalikuwa ni tofauti tupu, sawa na kubaki na orodha ya masahihisho ya kitabu huku kitabu chenyewe kimeungua. Kazi ya wiki tatu ilikwenda na maji, na sikuwa na wa kumlaumu isipokuwa kidole changu.

Tangu siku ile sigusi faili lolote lililo ndani ya folda ya mashine pepe kwa mkono. Snapshoti naifuta kupitia programu yenyewe pekee, nikijua kwamba neno «futa» hapo lina maana ya kuunganisha. Yaliyomo kwenye snapshoti hayapotei, yanamiminwa kwenye faili jirani. Ndiyo maana kufuta snapshoti moja kunaweza kuchukua dakika 20, na ndiyo maana kunaweza kuhitaji nafasi zaidi kabla ya kuirudisha, jambo linalomshangaza mtu aliyefuta ili apate nafasi. Siku hizi kila mashine huwa na snapshoti mbili, tatu zikizidi sana, na kila moja ina jina linalotaja nilichokuwa nakaribia kukifanya: «kabla ya kuboresha kernel», «kabla ya kubadilisha toleo la hifadhidata». Jambo likishatulia, snapshoti yake inaondoka wiki hiyohiyo.

Kosa langu lingine lilikuwa kuiona snapshoti kuwa ni nakala ya akiba. Imo kwenye diski ileile, inategemea mafaili yaleyale, na diski ya mwenyeji ikifa vyote vinakufa pamoja. Nakala ya akiba ya kweli ni kuizima mashine kabisa, si kuisitisha, kisha kunakili folda yake nzima kwenye diski nyingine. Kunakili mashine inapokuwa inafanya kazi ni kama kumpiga picha mtu anayekimbia. Unapata kitu, lakini huenda kichwa kikawa mahali na mguu mahali pengine. Kama diski ya nje imepangwa kwa FAT32 utagonga ukuta kwenye gigabaiti 4, kwa kuwa mfumo huo haupokei faili moja linalofikia ukubwa huo, na diski pepe karibu zote zinauzidi. Ipange upya kwa exFAT au NTFS kabla ya kuanza, wala usisubiri hadi nusu ya kunakili.

Kuhusu kumbukumbu na prosesa sitakuwa na mengi. Nilipokuwa na laptopu ya RAM gigabaiti 8 nilimpa mgeni 6, nikidhani namfanyia hisani. Mwenyeji akabaki na mbili za kuendeshea mfumo wake, kivinjari na programu ya mashine pepe yenyewe, akaanza kuhamishia kumbukumbu kwenye diski, na matokeo yake mgeni niliyempendelea akawa mzito kuliko alivyokuwa na gigabaiti 3. Mgeni hawezi kuwa mwepesi mahali ambapo mwenyeji anahema. Kipimo changu ni kutovuka nusu ya RAM iliyopo kwa mashine zote zinazofanya kazi kwa wakati mmoja. Viini vya prosesa naanza na viwili, naongeza pale tu ninapoona vyote viwili vimejaa kazi kwa muda mrefu. Kumpa mgeni viini vyote vya kompyuta kunamfanya agombane na mwenyeji anayemwendesha, na ugomvi huo hauna mshindi.

Kuna mtihani unaowakuta wengi kabla hata ya kufika huko. Programu imesakinishwa vizuri, lakini mashine haiwaki, au orodha ya mifumo inaonyesha ya biti 32 tu. Mara nyingi jibu liko kwenye BIOS, yaani mipangilio ya msingi ya kompyuta inayofunguliwa kabla mfumo endeshi haujawaka. Prosesa za Intel zilianza kuwa na uwezo wa kusaidia mashine pepe, uitwao VT-x, mwaka 2005 na za AMD zikafuata na AMD-V mwaka 2006, na takriban kompyuta zote za leo zinao, ila baadhi hutoka kiwandani uwezo huo ukiwa umezimwa. Kwenye Windows unaweza kuhakiki bila kuizima kompyuta, kwa kufungua Task Manager na kuingia sehemu ya Performance, ambapo chini ya maelezo ya prosesa kuna mstari unaosema kama uwezo huo umewashwa. Hata ukiwa umewashwa, bado Windows yenyewe inaweza kuwa imeushika: Hyper-V, WSL 2 (inayoendesha Linux ndani ya Windows) na ulinzi unaoitwa Memory Integrity hutegemea uwezo huohuo wa prosesa, na programu nyingine hulazimika kupitia kwao. Kwenye VirtualBox dalili yake ni alama ya kobe wa kijani chini ya dirisha. Mtu aliyeichagua alama hiyo alikuwa mkweli. Usikimbilie kuzima ulinzi wa mfumo kwa ajili ya kasi. Pima kwanza kama mwendo wa kobe unakuzuia kazi yako kweli.

Na wale wenye kompyuta za Apple zenye chipu za M1 na zilizofuata, kuanzia mwishoni mwa mwaka 2020, wajue kwamba mashine pepe haibadilishi jamii ya prosesa. Mwenyeji akiwa wa ARM, jamii ya chipu hizo, mgeni anayekwenda kwa kasi ni wa ARM pia. Mfumo uliotengenezwa kwa ajili ya prosesa za Intel unaweza kuigizwa kwa programu ya QEMU, lakini kuigiza ni kutafsiri amri baada ya amri, na uvumilivu wako utapimwa.

Mgeni akishawaka, kazi ya kwanza ni kumsakinishia zana za programu husika, zile ambazo VirtualBox huziita Guest Additions na VMware huziita VMware Tools. Bila hizo utaishi na skrini ndogo isiyotanuka na kipanya kinachonasa ndani ya dirisha. Nakumbuka siku ya kwanza kipanya changu kiliponasa. Niliizima laptopu nzima kwa kukibana kitufe cha umeme, sijui kwamba Ctrl ya kulia ingetosha kukiachilia kwenye VirtualBox, na Ctrl pamoja na Alt kwenye VMware. Aibu hiyo niliificha kwa miaka.

Mtandao ndio uliofuata kunifundisha adabu. Kwa kawaida mashine mpya huwekwa kwenye NAT, yaani mgeni anatoka kwenda intaneti kwa kujificha nyuma ya anwani ya mwenyeji, naye hawezi kufikiwa kutoka nje. Hilo ni chaguo zuri na nakushauri ulibakishe mpaka uwe na sababu. Kilichonichanganya ni kwamba kwenye VirtualBox nilikuwa na mashine mbili, nikaziuliza anwani zake, zote zikajibu 10.0.2.15. Nilidhani ni hitilafu, kumbe ndivyo inavyokusudiwa: kila mgeni aliye kwenye NAT ya kawaida yuko kwenye chumba chake peke yake, na vyumba vyote vimepewa namba ileile ya mlango. Hawaonani. Ukitaka waonane, tumia mtandao wa NAT wa pamoja, au mtandao wa ndani kati ya mwenyeji na wageni wake, ambao VirtualBox huupa anwani zinazoanza na 192.168.56. Na ukitaka tu kumfikia mgeni wa NAT kwa SSH, njia ya kuingia kwenye kompyuta nyingine na kuiandikia amri, huhitaji kubadilisha aina ya mtandao; elekeza mlango (port) 2222 wa mwenyeji uende mlango 22 wa mgeni, kisha uingie kwa kuitaja 127.0.0.1, anwani ambayo kompyuta hujiita yenyewe, na mlango 2222.

Aina ya tatu ni daraja, ambapo mgeni anajitokeza kwenye mtandao wako kama kompyuta kamili yenye anwani yake. Ni tamu, lakini mitandao mingi ya Wi-Fi haikubali anwani mbili za vifaa zitoke kwenye kadi moja, na mtandao wa kazini unaweza kuwa na msimamizi ambaye hatafurahia kuona vifaa vitatu visivyojulikana vimechipuka kwenye meza yako.

Hapo kwenye daraja ndipo nilipopoteza alasiri nzima. Nilikuwa nimeandaa mashine moja ya Ubuntu Server vizuri, nikainakili mara mbili ili nipate seva tatu za majaribio. Nilikumbuka kuchagua anwani mpya za MAC, zile zinazoitambulisha kadi ya mtandao, kwa kila nakala, nikajiona mjuzi. Nilipoziwasha zote, muunganisho wa SSH ulikuwa unakatika na kurudi bila utaratibu. Naandika amri kwenye seva ya kwanza, jibu linatoka la seva ya tatu. Nilizikagua anwani za IP: zote tatu zilikuwa na moja. Nilirudi kukagua MAC, zilikuwa tofauti kabisa, na ruta ilikuwa inafanya kazi yake sawasawa. Baada ya saa nyingi nilikuja kugundua kwamba matoleo hayo ya Ubuntu Server, yanapoomba anwani kwa DHCP (utaratibu ambao ruta hugawa anwani), hayajitambulishi kwa MAC bali kwa kitambulisho kinachotokana na faili la /etc/machine-id, nalo lilikuwa limenakiliwa neno kwa neno kwenye zote tatu. Kwa ruta, hao walikuwa ni mtu mmoja aliyekuja mara tatu. Dawa yake ni kulimwaga faili hilo libaki tupu ndani ya mashine ya mfano kabla ya kuinakili, ili kila nakala ijitengenezee kitambulisho chake inapowaka mara ya kwanza. Wakati huohuo futa funguo za SSH za seva na uhakikishe zitaundwa upya kwenye kila nakala, la sivyo nakala zako zote zitakuwa na funguo zilezile.

Kusitisha mashine badala ya kuizima ni jambo ninalolifanya kila siku, kwani asubuhi nalikuta kila dirisha pale lilipokuwa. Lina kero moja ndogo: mgeni huamka akidhani ni jana. Nimewahi kuhangaika na tovuti zilizokataa kufunguka kwa madai kwamba vyeti vyake vya usalama si halali, wakati kosa lilikuwa saa ya mgeni iliyobaki nyuma kwa siku tisa na vyeti vilivyotolewa baada ya hapo vikaonekana vinatoka siku zijazo. Zana za mgeni kwa kawaida huirekebisha saa hiyo zenyewe. Usipozisakinisha, utairekebisha kwa mkono.

Kuna watu wanaotumia mashine pepe kufungulia mafaili wasiyoyaamini, na ni matumizi halali, lakini ukuta kati ya mgeni na mwenyeji una madirisha uliyoyafungua mwenyewe. Folda ya pamoja yenye ruhusa ya kuandika ni dirisha. Programu haribifu inayofunga mafaili kwa nywila itayafunga na yaliyomo humo, nayo ni mafaili ya mwenyeji. Ubao wa kunakili unaoshirikishwa ni dirisha la pili, na ukiwa umenakili nywila upande wa mwenyeji, mgeni anaisoma. Kwa mashine ya kazi hiyo mimi huzima vyote viwili, nakata mtandao, napiga snapshoti, nafungua faili, kisha narudi nyuma. Kwa mashine za kawaida naacha folda ya pamoja, ila ya kusoma tu isipokuwa pale ninapohitaji zaidi.

Kuhusu gharama, VirtualBox yenyewe ni programu huria, lakini kifurushi chake cha nyongeza kiitwacho Extension Pack kina leseni yake, ambayo haimpi mfanyakazi ruhusa ya kukitumia ofisini bila malipo. Isome kabla ya kukisakinisha. VMware Workstation Pro imekuwa ya bure hata kwa matumizi ya biashara tangu Novemba 2024. Leseni ya mfumo unaousakinisha ndani ni suala lingine, na mashine pepe haikuondolei wajibu huo.

Miezi michache iliyopita nilihamia kompyuta mpya, nikazinakili mashine zangu nne. Tatu nilikuwa nimezizima kabisa kabla ya kuhama, zikawaka kana kwamba hazijasafiri. Ya nne niliiacha imesitishwa, kwa uvivu, na prosesa ya kompyuta mpya haikuwa sawa na ile ya zamani. Hali iliyohifadhiwa ilikuwa imeandikwa kwa ajili ya prosesa nyingine, ikakataa kuamka. Nilichagua kuitupa hali ile, nikaiwasha mashine kama kompyuta iliyokatikiwa umeme, nikaketi kuitazama ikikagua diski yake mstari kwa mstari. Ilirudi yenyewe nzima, ila bila barua niliyokuwa nimeiacha wazi bila kuihifadhi.